Karafuu za baba, umeme wa mwanangu

Mwaka 1997, ule wa mvua za elnino, nilikuwa na miaka 16 na nilikuwa nimeshajihesabu mtu mzima. Sauti imeshakuwa nzito, ndevu ndiyo kwanza zinatia vumbi kidevuni, na katika chuo cha Kurani mwalimu ameshatutangazia sisi wa safu ya nyuma kwamba kalamu za malaika zimeanza kutuandikia. Baba aliniachia karafuu zilizoanikwa uani kwetu Mtambwe, Pemba, akaenda Wete kwa shughuli zake. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kuzigeuza, kufukuza kuku, na wingu likitanda kukunja majamvi na kuyaingiza ndani.

Wingu lilitanda. Nililiona kwa macho yangu nikiwa uwanjani, mpira uko miguuni. Nikasema bao moja tu. Mmoja akacheka, "Anakimbilia karafuu za babake huyo!" nikaona haya kuondoka. Nilipofika nyumbani majamvi yanaelea. Wanaojua karafuu wanajua: inataka siku nne au tano za jua kali, na ikirowa kabla ya kukauka inachacha, inapauka, inakuwa mpeta. Kituoni inakonunuliwa hawakutazami mara mbili.

Kwa miaka mingi nilijiambia ule ulikuwa uzembe tu. Halafu nikaja kusoma jaribio ambalo Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, walilichapisha mwaka 2005. Walichukua watu 306 wa rika tatu: miaka 13 hadi 16, 18 hadi 22, na 24 kwenda juu. Wakawapa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: taa ya njano imewaka, uamue mwenyewe usimame au uendelee. Baadhi walicheza peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Watu wazima hawakubadilika walipotazamwa. Wale wadogo, wenzao wakiwapo, walithubutu zaidi, tena kwa tofauti kubwa.

Basi nikaiona ile mvua upya. Wingu nililijua. Hasara niliijua, maana karafuu nimezaliwa ndani yake. Ningekuwa peke yangu ningekimbia.

Wataalamu wa ubongo wanasema sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kumzuia mtu asikurupuke, ndiyo inayokomaa mwisho. Inaendelea kujijenga hata mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Sehemu za hamu na raha zinachangamka mapema, mara tu mtu anapobaleghe. Kwa hiyo kuna miaka mingi hapo katikati ambayo tanga limeshatwekwa na usukani bado unachongwa.

Kwetu jambo hili lina maneno yake. Fiqhi tuliyosomeshwa inatenganisha kubaleghe na rushdi, yaani ukomavu wa akili wa kutunza mali. Ukibaleghe, sala na saumu ni zako, hakuna wa kukubebea. Mali ni habari nyingine. Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, inawaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafike umri wa kuoa, na wakiwaona wana rushdi ndipo wawakabidhi mali zao. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni, lakini ilinichukua kuwa na mtoto wa miaka 19 ndani ya nyumba kuona kwamba amri ya kujaribu inakuja kabla ya kukabidhi. Mtu anajaribiwa akiwa bado yumo mikononi mwako.

Hapa ndipo wazazi wengi wa visiwani tunapoharibu, na mimi nimo. Kijana tunamweka mtoto mpaka amalize skuli. Hajashika hata pesa ya soko. Siku moja tunampandisha boti pale bandari ya Mkoani na begi na namba ya simu ya ami yake, tunamwambia, "Ushakuwa mkubwa sasa, jitazame." Akifeli tunasema vijana wa siku hizi hawana adabu.

Baba alirudi magharibi siku ile. Sikupigwa, wala hakuniuliza nilikuwa wapi. Alizishika zile karafuu, akazinusa, akaingia ndani. Asubuhi akanipimia pishi kumi mbichi, akazimwaga kwenye jamvi la peke yake. "Hizi zako. Zikikauka pesa yako, zikiharibika hasara yako. Mie simo." Nililala nazo kama mtu anayemlinda mgonjwa. Kila tone la maji kwenye bati nimeshaamka. Pesa niliyopata ilikuwa ndogo, lakini naweza kukwambia mpaka leo niliitumia kwa nini: suruali moja na sukari ya mama.

Mwaka 2000 nikavuka kwenda Unguja, nikakaa kwa khalati Jang'ombe, nalala sebuleni wakishaondoka wageni wa televisheni. Mwaka huohuo, bila mimi kujua, mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika kwamba baina ya miaka 18 na 25 kuna kipindi kinachosimama peke yake, si ujana wa baleghe wala si utu uzima. Ukimuuliza mtu wa umri huo kama ameshakuwa mtu mzima, mara nyingi atakujibu kwa upande mmoja ndiyo, kwa mwingine bado. Wapo waliompinga, wakasema anawaeleza vijana wenye nafasi ya kusoma chuo kikuu na kujitafuta taratibu. Nami nawaunga mkono kidogo, kwa sababu kijana wa kwetu huku anajitafuta huku anatuma pesa nyumbani. Ila hiyo hisia ya huku na huku ni ya kweli. Idi moja nilikwenda Pemba, watoto wakanijia mbio niwape mkono wa Idi, nikawapa kwa madaha. Niliporudi Unguja, khalati akaniita jikoni akanipa na mimi mkono wa Idi wangu. Nikaupokea. Nilikuwa na miaka 20 na sikujua nicheke au nini.

Kijana unayesoma hapa, ukijikuta hapo, hujarogwa na hujachelewa. Miaka ile mie nilibeba mizigo bandarini Malindi, nikauza viatu Darajani, nikaosha vyombo kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, na kila nilipoacha kazi ami yangu alisema huyu hana msimamo. Mwanasaikolojia James Marcia, aliyechunguza mambo haya mwaka 1966, alitofautisha mtu anayejaribu njia mbalimbali kabla hajaamua na mtu ambaye hatafuti chochote. Kwa nje wote wawili wanaonekana wamekaa barazani. Mie huwapambanua kwa swali moja: kazi uliyoiacha imekuonyesha nini usichokitaka? Anayetafuta atakujibu kwa urefu mpaka uchoke.

Sasa mwanangu. Mwaka jana nilimkabidhi umeme wa nyumba. Kila mwanzo wa mwezi nampa elfu thelathini ya tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ikibaki chenji ni yake, ikipungua anajua mwenyewe. Mwezi wa pili akanunua raba. Alhamisi usiku nyumba ikazima puu.

Mama yake alitaka kununua palepale kwa simu. Nikamwomba asinunue. Nikwambie kweli, usiku ule nilikaribia kushindwa, kwa sababu dada yake alikuwa na mtihani na alisoma kwa mshumaa, na kosa lile silo lake. Sina hakika mpaka leo kama nilifanya haki kwake. Lakini sikupiga kelele, na hilo kwangu ni jambo kubwa, aliyenijua zamani atakwambia. Siku ya tatu kijana alitoka alfajiri kwenda kumsaidia fundi kuchanganya zege Tomondo, akarudi jioni na elfu kumi na tano, akanunua umeme kabla hajaoga. Miezi mitatu baadaye alisahau tena, lakini giza lilidumu nusu siku tu.

Ukitaka kufanya hivi, chagua kitu ambacho kikiharibika kitauma na hakitaua. Usimpe pikipiki kwa hoja hii. Pia usimkopeshe siku ya kwanza, na ukishasema hasara ni yake usimgeuzie maneno mbele ya wageni. Dhihaka humpeleka maskani kwa haraka kuliko njaa.

Mabinti tunawafanyia kinyume, na hili linanikera. Akivunja ungo tu anakabidhiwa jiko, wadogo zake na aibu ya nyumba nzima, lakini pesa haishiki na uamuzi hana. Anabeba kazi za mtu mzima kwa ruhusa za mtoto. Somo wake, yule mama anayemfunda, atamfundisha mengi, ila nani anamjaribu katika mali? Wa kwangu nimempa hesabu ya mchango wa familia. Kijitabu chake kina nidhamu kuliko changu.

Kulala kuchelewa nimeacha kugombana nako. Mwili wa umri ule unachelewa kuita usingizi, hayo yanajulikana kitaalamu. Alfajiri namwamsha, basi.

Ila si kila mabadiliko ni ya umri. Mtafiti Ronald Kessler na wenzake waliwachunguza watu wa Marekani, wakaonyesha mwaka 2005 kwamba robo tatu ya maradhi ya akili yanayowapata watu katika maisha yao huanza kabla au ifikapo miaka 24. Kwa hiyo kijana akijifungia wiki kwa wiki, hali chakula, halali usiku, anasikia sauti wasizozisikia wengine, au anasema bora afe, usimjaribu kwa lolote na usisubiri akue. Mpeleke kwa daktari, mapema. Najua jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, tumelifanya tusi tangu tuko watoto. Tulikosea, pale ni hospitali kama hospitali nyingine, na ukitaka kumsomea dua msomee njiani.

Baba yupo bado, macho tu yamepungua. Wiki iliyopita nilimpigia kumwambia kwamba msimu huu mjukuu wake atakwenda kukaa naye.

"Anajua kuanika?"

"Hajui, baba."

Akanyamaza kidogo. "Uwanja wa mpira upo palepale," akasema. "Mlete."