Wakala anataka milioni tatu za Kanada

Dada, nimekuelewa: nesi wa Ilemela, miaka mitano kazini, wakala anadai milioni tatu "akuombee" ukazi wa kudumu Kanada. Usimpe hata mia. Kufungua wasifu wa Express Entry, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kanada wa kuomba ukazi huo, ni bure.

Anza na mtihani wa Kiingereza wa IELTS General Training, siyo Academic (wengi hujichanganya hapo). Usishuke chini ya 6.0 kila kipengele. Matokeo hudumu miaka 2. Wakati huohuo vyeti vyako vitathminiwe, mfano na WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Kanada. Ukialikwa kuomba ukazi una siku 60 tu za kutuma maombi, kwa hiyo barua za waajiri, zenye majukumu na saa za kazi, zidai sasa. Waajiri wetu unawajua.

Leseni ya unesi ni jambo jingine, kila jimbo na utaratibu wake. Kama uliwahi kunyimwa viza, muone mshauri aliyesajiliwa na CICC (chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji Kanada) kabla ya kujaza chochote.