Maji kwenye silinda ya chini: kabla hujaifungua mashine yote

Swali: Fundi, habari za kazi. Niko Moshi, nina boti ya kuvulia Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mashine ni Yamaha Enduro 15, stroki mbili. Kila jioni naitoa kwenye boti na kurudi nayo nyumbani kwa pikapu, naogopa wezi. Mwezi huu asubuhi inagoma kuwaka. Nikitoa plagi, ya chini ina matone ya maji, ya juu kavu. Nikiikausha inawaka, inatoa moshi mweupe dakika chache, halafu inakwenda vizuri. Fundi wa pikipiki kasema ringi zimekwisha, nishushe injini yote. Nimsikilize?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwa hilo usimsikilize. Ringi zikiisha mashine inapoteza kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) na nguvu; maji haziingizi. Pikipiki nyingi hupozwa kwa upepo, si kwa maji kama mashine ya boti, kwa hiyo fundi wake hana mazoea ya kuwaza maji yanapita wapi.

Kwanza niambie: kwenye pikapu unailazaje? Ule mguu mrefu wa mashine ndiyo njia ya moshi, na hubaki na maji hata ukishaitoa bwawani. Ukilaza kichwa cha mashine kwenye sakafu ya pikapu na kuegesha upande wa propela juu ya ubao wa nyuma, maji hayo yanarudi kwa njia ya moshi mpaka kwenye tundu la ekzosi la silinda. Pistoni za mashine hii hupishana, moja ikiwa chini nyingine iko juu, kwa hiyo mlango unaokuwa wazi ni mmoja tu. Ndiyo maana plagi moja hulowa na nyingine ikabaki kavu.

Jaribio lake halina gharama. Siku tatu mfululizo, isimamishe wima ufukweni mpaka iache kudondosha, kama dakika kumi. Ndipo uilaze kwa ubavu ulioelekezwa na mtengenezaji, kichwa kikiwa juu kuliko propela; tairi kuukuu chini ya kichwa linatosha. Plagi zikiamka kavu, ugonjwa umeisha. Dalili nyingine ya usafirishaji mbaya ni maji kuhamahama, leo plagi ya chini, kesho ya juu. Yakiwa daima ya chini hata baada ya kuilaza vizuri, tunaingia ndani.

Mafuta ya petroli nayashuku kidogo tu, kwa sababu kabureta ni moja na maji yangelowesha plagi zote mbili. Hata hivyo mimina petroli ya tenki kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, iache robo saa. Maji yatakaa chini kama kioo.

Sasa pima kompresheni. Toa plagi zote mbili, gusisha nyaya zake kwenye bodi, fungua gesi yote, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita kwa kila silinda. Usihangaike na namba zilizopimwa pwani: Moshi mjini ni zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu asilimia 8 hadi 10 bila mashine kuwa na kosa. Linganisha silinda kwa silinda. Ya chini ikipungua kwa zaidi ya asilimia 15, gasketi ya hedi (kizibo kati ya silinda na kifuniko chake, hedi) ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zikilingana, gasketi bado haijasalimika, maana ufa mdogo huvujisha maji mashine ikipoa na usionekane kwenye geji.

Fungua hedi uangalie kwa macho. Pistoni yenye afya ina masizi meusi au ya kahawia. Inayopata maji inakuwa safi upande mmoja, inang'aa kana kwamba imesuguliwa kwa steelwire, kwa sababu mvuke umebandua masizi. Tazama gasketi mahali hapohapo: utaona mstari wa kutu au sehemu iliyoliwa kati ya njia ya maji na silinda.

Usibadilishe gasketi tu ukafunga. Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa pembe, ujaribu kupitisha chini yake fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.1. Ikipita, hedi imepinda. Iliyopinda kidogo inanyooshwa kwa msasa wa maji namba 400 hadi 600 uliolazwa juu ya kioo kinene, ukiizungusha kwa mchoro wa nane, sio kuisukuma mbele na nyuma. Iliyopinda sana ipeleke karakana ya kusaga hedi. Gasketi iwe mpya. Ya zamani kupakwa silikoni ni kujidanganya. Boliti kaza kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje kwa kupishana, mzunguko wa kwanza nusu ya kipimo, wa pili kipimo kamili cha kitabu cha mashine hiyohiyo.

Hedi ikiwa safi, geukia kifuniko cha ekzosi ubavuni mwa bloku. Ndani yake kuna bamba jembamba la aluminiamu: upande mmoja linapita maji, upande wa pili moshi. Likitoboka au gasketi yake ikiliwa, maji yanaingia moja kwa moja kwenye tundu la ekzosi. Kama mashine ilinunuliwa ikiwa imetumika pwani, hapa ndipo ningeweka dau langu, maana chumvi hutafuna aluminiamu taratibu. Boliti zake hukatika kwa urahisi. Zipake oili ya kulegeza kutu usiku kucha, zipashe moto, na ukiona boliti inazunguka kwa kunata, irudishe kidogo kabla ya kuendelea. Bamba na gasketi zote mbili badilisha pamoja.

Hedi haipindi bila sababu. Mara nyingi mashine ilichemka, na ilichemka kwa sababu impela (kipangaboi cha mpira cha pampu ya maji) imechakaa au tope na majani yameziba njia ya maji. Ule mkojo wa mashine, yaani maji yanayoruka nje ikiwa inawaka, ukiwa dhaifu, badilisha impela kabla ya kurudi bwawani, la sivyo gasketi mpya itakufa vilevile.

Wakati unatafuta vipuri, usiache maji yalale ndani. Kwenye stroki mbili maji hushuka hadi kwenye bearingi za kranki, na kutu huanza usiku huohuo. Usivute kamba kwa nguvu plagi zikiwa zimefungwa; maji hayabanwi, konrodi ndiyo itakayopinda. Toa plagi, inamisha matundu yatazame chini, zungusha flaiwili kwa mkono kufuata saa tu (kinyume chake huvunja mapezi ya impela) mpaka maji yaishe. Weka kijiko cha chakula cha oili ya stroki mbili kila silinda, zungusha tena, mwaga petroli ya kwenye kabureta, kisha iwashe kwenye pipa lenye maji nje ya nyumba, propela ikiwa imetolewa, kwa nusu saa. Kesho yake asubuhi toa plagi uzitazame kabla hujagusa kamba.