"Contend": tazama neno linalofuata

Ndugu yangu, umeuliza iweje "contend" iwe kudai, kushindana na pia kuhangaika na shida. Tazama kinachofuata. Ikija "that", mtu anashikilia hoja yenye ubishi: "The lawyer contends that his client is innocent", wakili anashikilia kuwa mteja wake hana hatia, na mwandishi hajasema ni kweli. "Contend for" ni kugombea kombe au cheo. Inayokuchanganya nadhani ni "with": "Farmers contend with drought", wakulima wanapambana na ukame. Hapo "kupambana na" ya Kiswahili chetu inafanana nayo kabisa, basi usiogope. Ila "contend" ni neno la mahakamani na magazetini. Ukilipeleka kijiweni utaonekana umevaa suti ufukweni. Kwa foleni na bili za umeme, "deal with" inatosha.