Kupachika Picha na Sauti Ndani ya Msimbo: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza kuandika programu hukutana mapema na tatizo hili: programu inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yake, lakini ikihamishiwa kwingine ikoni hazionekani na sauti hazisikiki, kwa kuwa faili zake zimebaki katika folda ya awali. Kuzipachika baiti za faili hizo ndani ya programu yenyewe huondoa tatizo hilo, ila kuna gharama zake.

Katika lugha ya C, njia ya zamani ni amri ya xxd -i, ambayo huigeuza faili kuwa safu ya namba kama 0x89, 0x50. Kila baiti huchukua takriban herufi sita, hivyo picha ya megabaiti 1 huzaa faili ya msimbo yenye megabaiti 6 hivi. Programu iliyokamilika hainenepi kiasi hicho, kwa sababu kila namba hurudi kuwa baiti moja. Anayeelemewa ni kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), inayolazimika kuzisoma zote. Njia nyingine ni Base64, inayoandika data kwa herufi za kawaida: hugeuza baiti 3 kuwa herufi 4, lakini ongezeko hilo hubaki hadi ndani ya programu, nawe utalazimika kuyafumbua maandishi hayo kabla ya kuyatumia.

Chunguza pia safu inayozalishwa na xxd, kwani haiwekewi neno const, linaloiambia kompaila kwamba data haitabadilishwa. Kwenye kompyuta ya mezani huenda usione tofauti yoyote, lakini kwenye kidhibiti kidogo (microcontroller, yaani chipu ndogo ya kuendeshea vifaa) chenye RAM ya kilobaiti chache, safu isiyo na const hunakiliwa kwenye RAM programu inapoanza, na picha moja tu yaweza kuimaliza. Vilevile, usipime urefu wa data kwa strlen, amri ya C ya kupima urefu wa maandishi: hiyo husimama kwenye baiti ya kwanza yenye sifuri, na faili za picha zimejaa sifuri.

Lugha nyingi sasa zina njia safi zaidi: Rust ina include_bytes!, Go ina go:embed tangu toleo la 1.16 la mwaka 2021, na C23, kiwango kipya cha lugha ya C, kimeleta #embed. Zitumie zinapopatikana. Zisipopatikana, hifadhi kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) picha halisi pamoja na amri ya kuigeuza, wala si maelfu ya mistari ya namba ambazo hakuna mkaguzi atakayezisoma.

Kwa maoni yangu, kinachofaa kupachikwa ni kile kilicho kidogo na kisichobadilika mara kwa mara, kama ikoni, fonti au mlio mfupi. Video, na picha ambazo msanifu huzirekebisha kila wiki, zibaki nje, kwa maana kila badiliko la faili iliyopachikwa hudai programu ikompailiwe upya na isambazwe tena kwa watumiaji wote.