Asilimia 10 ya "fundi wa maandiko" unaiweka wapi kwenye bajeti?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza masters ya ikolojia, nataka kuomba hela za mradi wa kasa ng'amba, nimeangalia wafadhili wawili wa uhifadhi, Conservation Leadership Programme (CLP) na Rufford. Niko kwenye uhifadhi miaka sita lakini mitatu nilikuwa najitolea tu, je bado nahesabika kama mtu anayeanza? Halafu kuna jamaa anaandikia watu maandiko ya kuombea ufadhili, anasema kwake kupita ni uhakika, anataka kianzio kidogo na asilimia 10 hela zikitoka. Hiyo 10 naiandika kwenye kipengele gani cha bajeti?

JIBU: Marahaba. La miaka tulimalize haraka. CLP wanahesabu miaka ya kazi ya kulipwa kwenye uhifadhi, isizidi mitano, kujitolea hakumo wala miaka ya chuo haimo, kwa hiyo wewe una mitatu na unaingia. Ila kipimo hicho ni cha kila mtu kwenye timu, na timu ni watu watatu kwenda juu, kwa hiyo usimchomeke bosi wako wa zamani ili andiko lionekane zito, mtaenguliwa wote. Kiongozi wa timu awe raia wa nchi ambako mradi unafanyika. Basi.

Sasa huyo jamaa wa asilimia 10. Swali hili naletewa kila msimu wa maombi na kila mara linanichosha, kwa sababu chini yake kuna imani moja kwamba hela za uhifadhi zinapatikana kwa lugha, kuna maneno fulani ya siri, ukimpata anayeyajua umepita. Hakuna maneno hayo! CLP wanasoma maandiko ya vijana toka 1985, unadhani "ushirikishwaji jumuishi wa wadau katika ngazi zote" itawashtua?

Nakaa kwenye paneli za kuchuja maombi, na maandiko ya kununua yanajulikana mapema sana. Ukurasa mzima unaeleza kwamba ng'amba yuko hatarini kutoweka. Tunajua, Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, imemweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini, sentensi moja inatosha. Tusichokijua ni ufukwe wako: viota viko upande gani, mayai yanachukuliwa na nani, taa za nani zinawaka usiku zikawapoteza watoto wa kasa wasione njia ya baharini, mzee gani ukigombana naye mradi umekufa. Hayo jamaa hayajui, kwa hiyo anajaza hewa. Kuna andiko moja la kasa lilinipitia mkononi, kufika kwenye mbinu nakuta watasimama kwenye vituo msituni alfajiri wakihesabu ndege kwa sauti. Alikuwa amebadilisha jina la mnyama tu, mbinu akaisahau ya mteja aliyepita, na mwenye andiko mwenyewe hakulisoma kabla ya kutuma, hilo ndilo lililonikera zaidi.

Tuseme lako ameliandika vizuri likapita mchujo. Wapo wafadhili wanaokuita kwenye mahojiano, na hapo unaenda wewe, jamaa haendi. Andiko linasema "tutapima joto la mchanga", anakuuliza mtu, vipima joto mtavifukia kina gani na kwa nini? Aliyefanya hii kazi anajibu bila kufikiri: kina cha mayai yenyewe, maana mchanga wa juu unapanda na kushuka joto kutwa, na tunalihitaji zaidi joto la kipindi cha katikati cha kuatamia kwa sababu ndicho kinachoamua watoto watakuwa majike au madume, mchanga ukiwa wa moto sana unapata majike watupu. Aliyenunua andiko anasema mtandao unakatika.

Na hizi siyo hela za mara moja. Rufford wanakuanzisha na ruzuku ndogo, unafanya kazi, unatoa ripoti, ndipo unaomba ya pili, na juu yake zipo nyingine. Sasa ripoti ya kazi ambayo hukuipanga wewe utaiandikaje, utamlipa tena? EDGE, programu ya Zoological Society of London kwa wahifadhi wanaoanza, wao wanakupa mafunzo na mlezi pamoja na hela, yaani wanachagua mtu wa kumkuza, karatasi ni dirisha tu la kukuona.

Kwa hiyo hiyo 10 haina kipengele. Mfadhili analipia kazi itakayofanyika baada ya kukupa hela, sio deni ulilojitwisha ukitafuta hela. Na najua jamaa atakwambia nini, "iweke kwenye usafiri" au "iite ushauri wa kitaalamu". Huo ni uongo kwenye hesabu za mradi, siku wakiomba risiti jina lililosaini mkataba ni lako, yeye hayumo popote. Mfadhili anaweza kudai hela zirudi, na watu wa mifuko hii wanafahamiana na kupigiana simu.

Wengine wote mnaosoma hapa, anayekuhakikishia ushindi anakudanganya, hata aliye ndani ya paneli hawezi kukuhakikishia. Akikutajia "ada ya fomu" kimbia, CLP na Rufford hawatozi hata senti kupokea maombi. Akitaka jina lake liingie kama kiongozi mwenza, mjue anawinda takwimu zenu. Akitaka nywila ya akaunti ya maombi, sihitaji hata kueleza. Kuna wanaouza andiko lilelile kwa watu wanne kwa mfuko uleule mmoja, yote yanatua meza moja na yote yanatupwa, likiwemo la yule ambaye kweli alikuwa na kazi nzuri.

Kiingereza chako kikiwa kibovu mpe rafiki akusahihishie sarufi, hiyo ni halali na ni bure. Wewe andika kurasa mbili kwa mkono wako, ufukwe gani, tatizo gani, utafanya nini mwezi gani, kisha mtumie msimamizi wako wa masters wiki kadhaa kabla ya dedilaini, maana huenda ndiye atakayeulizwa habari zako, na asikie mradi kwako kabla ya kuusikia kwa mfadhili. Hiyo asilimia 10 weka betri za vipima joto, na ada ya kibali cha utafiti, ambayo kwenye bajeti nyingi naona haipo kabisa.