Umeme wa gari la polisi lililostaafu: kwanza jua waya ni wa nani

Gari la polisi lililouzwa baada ya kumaliza utumishi lina mifumo miwili ya umeme ndani ya bodi moja. Wa kwanza ni wa kiwandani: una mchoro, una boksi la fyuzi lenye namba, na fundi yeyote mwenye kitabu cha gari anaweza kuufuata. Wa pili ulifungwa na mafundi wa vifaa vya polisi gari likiwa jipya, ukaongezwa na kupunguzwa kwa miaka yote ya kazi, kisha ukang'olewa haraka wakati gari linaandaliwa kwa mnada. Huo wa pili mara nyingi hauna mchoro wowote utakaoupata. Hitilafu nyingi ninazozikuta kwenye magari haya zinatoka humo, au mahali mifumo hiyo miwili inapokutana. Kwa hiyo kabla hujauliza "kwa nini taa hii haiwaki", uliza kwanza waya ulioushika ni wa kiwanda au ni wa waliofunga vifaa.

Elewa jinsi ung'oaji unavyofanyika. Idara inataka irudishiwe taa za juu, redio, kompyuta na king'ora, ama ivifunge kwenye gari lingine, ama iviuze. Anayeving'oa halipwi kulirudisha gari katika hali ya kiraia, analipwa kutoa vifaa. Basi anakata. Anaacha ncha za nyaya nyuma ya dashibodi, chini ya viti, kwenye buti, nyingine zimefungwa tepu na nyingine ziko wazi kabisa, na baadhi bado zina umeme (moto) moja kwa moja kutoka betri. Ukiongeza kwamba magari mengine, kama Ford Crown Victoria Police Interceptor iliyotengenezwa hadi 2011, yalitoka kiwandani yakiwa na nyaya za ziada zilizoachwa makusudi kwa ajili ya wafungaji, utaona kwa nini si kila ncha inayoning'inia ni kasoro. Ya kiwanda huwa na plagi yake au kifuniko, na imevikwa pamoja na nyaya nyingine kwa utaratibu. Ya mfungaji hupita njia yake peke yake.

Siku ya kwanza acha mita ya umeme kwenye begi. Fungua boneti utazame nguzo chanya ya betri. Kila kebo nene ya ziada iliyobanwa pale uifuate hadi mwisho wake, hata kama itabidi ung'oe plastiki za mlangoni na kapeti. Karibu na betri, kila kebo ya namna hiyo inapaswa kuwa na fyuzi au kikata umeme. Ukikuta haina, ichomoe betrini hapo hapo kabla ya kuendelea na kazi nyingine yoyote, kwa sababu fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya wenyewe: kebo isiyo na fyuzi ikigusa bodi, itakachotoa betri ni mamia ya ampia, na moto utaanzia mahali usipoweza kufika kwa mkono. Angalia pia pale kebo inapopenya ukuta wa injini kuingia ndani. Lazima kuwe na mpira wa kuikinga. Miaka ya mtetemo juu ya ukingo wa chuma humaliza kava la waya.

Kisha nenda kwenye buti. Magari mengi yalifungwa vifaa vikuu huko, juu ya trei: amplifaya ya king'ora, redio, boksi la fyuzi la pili, relei (swichi inayoendeshwa na umeme kupitia koili ya ndani). Halafu paa. Matundu ya antena na ya kebo ya taa za juu yakizibwa vibaya, maji hushuka ndani ya paa, hufuata nyaya, na kukaa kwenye viungio vilivyo chini kabisa. Ukikuta kiungio chenye ungaunga wa kijani kwenye buti, tafuta tundu la juu kabla ya kubadilisha kiungio.

Jambo moja halina mjadala. Plagi na nyaya za rangi ya njano chini ya dashibodi, kwenye usukani na chini ya viti ni za mifuko ya hewa. Usizitoboe, usizipime kwa taa ya majaribio, usizitumie kutafutia eathi, yaani njia ya umeme kurudi nguzo hasi ya betri.

Malalamiko utakayoyasikia zaidi ni kwamba gari likilala siku chache haliwaki. Anza na betri yenyewe. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikinguruma, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Magari haya yalipewa alternata (mashine ya kuchaji betri) kubwa kwa sababu yalikaa muda mrefu yamesimama injini ikiwaka na vifaa vyote vikifanya kazi. Saa hizo za kusimama hazionekani kwenye kilomita, lakini alternata na feni zilizifanyia kazi zote, kwa hiyo usiiamini alternata kwa sababu tu kilomita ni chache.

Kama betri na chaji ni nzuri, kuna kitu kinachonyonya. Zima kila kitu, funga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, unganisha mita ya ampia kati ya nguzo hasi na kebo yake, halafu subiri. Kompyuta za gari huchelewa kulala, nyingine hata nusu saa, na vijana wengi hukimbilia namba wanayoiona dakika ya kwanza. Usiwashe gari wala usifungue ufunguo mita ikiwa hapo, utaiunguza. Gari zuri hushuka chini ya miliampia 50. Ukibaki na nusu ampia, hizo ni saa-ampia 12 kwa siku, na betri ya saa-ampia 70 haitafika mwisho wa wiki.

Hapa ndipo gari la polisi linapotofautiana na mengine. Kitabu kitakwambia uende kwenye boksi la fyuzi na kuchomoa moja baada ya nyingine. Utamaliza fyuzi zote na namba haitasogea, kwa sababu waya unaonyonya haupiti kwenye boksi hilo. Anzia kwenye nguzo chanya: toa kebo za ziada moja moja ukitazama mita. Ukitoa moja na namba ikashuka, umepata tawi, na sasa unalifuata. Mara nyingi mwishoni mwake kuna relei kubwa au taima iliyowekwa ili redio na kompyuta ziendelee kuwaka kwa muda askari akizima injini. Vifaa vimetolewa, taima imebaki, na koili yake bado inavuta. Weka kiganja juu yake. Relei iliyoshikilia kwa saa nyingi huwa na joto. Ikiwa kebo zote za ziada ni safi, sasa nenda kwenye fyuzi za kiwanda, lakini badala ya kuzichomoa, pima milivolti juu ya migongo ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Ukizichomoa na kuzirudisha unaziamsha kompyuta, na itabidi usubiri upya.

Somo ninalotamani kila anayeanza alishike ni kupima umeme wakati kifaa kimewashwa na kinauvuta. Chukua taa ya juu inayowaka kwa unyonge. Unachomoa plagi, unaweka mita kwenye waya, inasoma 12.6, unahitimisha kwamba umeme upo na taa imekufa. Mita haivuti karibu chochote, hivyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya uliooza unatosha kuionyesha 12.6. Irudishe plagi, washa taa, upime tena kwa nyuma ya plagi. Ikishuka hadi 9, taa haina kosa. Kama taa yenyewe haipo, tumia balbu ya gari ya wati 55, ambayo huvuta takribani ampia 4.6 kwenye volti 12. Balbu hiyo yenye nyaya mbili na vibanio imenisaidia kuliko kifaa chochote cha bei kubwa, ilimradi usiibane kwenye waya unaotoka kwenye kompyuta.

Ukishajua volti zinapotea, tafuta zinapotelea wapi. Ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa moto wa taa, taa ikiwaka. Namba unayoiona ndiyo iliyopotea njiani upande wa moto. Kisha fanya hivyo upande wa hasi: nguzo hasi ya betri hadi eathi ya taa. Hapo nataka chini ya volti 0.2. Ninapokuta volti nzima au zaidi, mara nyingi sababu ni bolti ya eathi iliyofungwa juu ya rangi, au kwenye kifuniko cha buti ambacho umeme wake unategemea bawaba. Paruza hadi chuma cheupe, funga, halafu paka grisi. Usisahau kwamba taa kadhaa huwa zimefungwa kwenye bolti moja. Zikichezacheza pamoja, bolti hiyo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Sasa taa za dharura zenyewe. Za zamani zilikuwa za halojeni, zenye mota inayozungusha kioo. Hizi ni rahisi kuzielewa na ni walafi wa umeme: balbu 8 za wati 55 zikiwaka pamoja ni karibu ampia 37 kabla hujahesabu mota. Mota ikikwama balbu itawaka bila kuzunguka, na kinachohitajika ni kusafisha gia. Kizazi cha kati ni taa za zenoni. Boksi lake la umeme huzalisha mamia ya volti na huzihifadhi kwenye kapasita hata baada ya kuzimwa. Usifungue boksi hilo kama hujafundishwa kulimaliza chaji. Kwa bahati nzuri, ukaguzi wake hauhitaji kulifungua: zima, subiri dakika kadhaa, badilishana kebo za taa mbili. Tatizo likihamia upande wa pili, ni boksi. Likibaki kwenye taa ile ile, ni bomba la taa au kebo yake.

Za LED huvuta kidogo na huishi sana, lakini zimeleta mtego. Taa za juu za zamani zilikuwa na waya kwa kila kazi, hivyo uliweza kuupa kila waya volti 12 na kuona kinachowaka. Nyingi za kisasa zina waya mnene wa moto, wa eathi, na kebo nyembamba ya mawasiliano. Bila kidhibiti kinacholingana nazo hazitafanya lolote, hata zikiwa nzima. Ukipeleka volti 12 kwenye nyaya za mawasiliano unaua bodi ya saketi ya ndani. Soma kibandiko cha mtengenezaji kwanza, na usitegemee rangi za nyaya, kwani hubadilika kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.

Taa za kiwandani nazo huumwa kwa sababu ya vimulimuli. Flasha ya kuwasha taa za mbele kwa zamu, na ile ya taa za nyuma, huunganishwa kwa kukata nyaya za kiwanda na kupitisha umeme ndani ya flasha. Flasha ikitolewa na ncha zisirudishwe, fuli (taa kali ya mbele) haiwaki upande mmoja, au breki inawasha indiketa. Mteja atakuambia ni swichi. Wewe fuata waya kutoka kwenye taa kurudi nyuma hadi ukutane na kiungio ambacho si cha kiwanda. Lakini uwe mwadilifu kwa pande zote mbili: baadhi ya Crown Victoria za 2003 hadi 2005 zilijulikana kwa moduli ya kuendesha taa ambayo risasi yake ya kuungia hupasuka kwenye bodi ya saketi na kuzima taa za mbele zote, na hilo halihusiani na polisi hata kidogo. Vilevile kuna yasiyo kasoro. Taa ya ndani isiyowaka mlango ukifunguliwa, na milango ya nyuma isiyofunguka kwa ndani, viliagizwa viwe hivyo.

Relei usizibahatishe. Pini 85 na 86 ni za koili, na kwa kawaida ukinzani wake husoma kati ya omu 50 na 120. Pini 30 huleta umeme, 87 huutoa. Kusikia mlio wa "tiki" kunathibitisha koili tu; ncha za ndani zinaweza kuwa zimeungua, kwa hiyo pima volti zinazopotea kati ya 30 na 87 ikiwa na mzigo, yaani inawasha kifaa chake.

King'ora hakina mambo mengi. Spika ya wati 100 huwa na omu 11 kwa jina, na mita itasoma pungufu kidogo. Mita ikionyesha hakuna njia ya umeme, koili imekatika. Kwa majaribio vaa kinga ya masikio na uweke mablanketi mbele ya spika, maana kwa umbali wa mita 3 sauti yake huzidi desibeli 115.

Ukimaliza kutafuta, usiache vile viungio vya plastiki vinavyobana na kukata kava la waya. Vinaingiza maji na kuacha nyuzi chache tu za shaba. Kata, unga kwa risasi au kibanio kizuri, vika mpira unaosinyaa kwa joto. Waya wa mfungaji usio na kazi utoe wote kuanzia betri hadi ncha yake, na ule utakaobaki uwekee lebo pande zote mbili na uchore njia yake kwenye karatasi ya kumwachia mwenye gari.

Kabla ya kutoka nalo barabarani kujaribu, muulize mwenyewe sheria ya mahali alipo inaruhusu nini. Nchini Marekani, ambako magari haya huuzwa kwa wingi, kila jimbo lina kanuni zake kuhusu taa nyekundu na za bluu kwenye gari la raia, na kwingine hata kuwa nazo zimezimwa kuna masharti. Mimi hujaribu vimulimuli ndani ya gereji tu, kisha nachomoa fyuzi yake na kufunika taa za juu, na fyuzi hiyo namkabidhi mwenye gari mkononi.