Ukikagua Benchi la Hisani, Keti Kwanza na Kibao Ukisome Baadaye

Tangu nianze kukagua mabenchi ambayo familia na vikundi huyatoa kwa matumizi ya umma, mara nyingi kwa kumkumbuka marehemu, nimejiwekea kanuni moja ambayo namshauri kila anayetaka kufanya kazi hii: kibao cha jina kisomwe mwisho. Maneno ya kibao humlainisha mkaguzi, na ukishajua kwamba benchi limewekwa kwa heshima ya mama aliyependa kupumzika mahali hapo, utaona haya kuandika kwamba linatikisika.

Ukishaketi, usiinuke upesi, kwa kuwa benchi baya halijulikani katika dakika za mwanzo. Nyayo zinapaswa kugusa ardhi bila mapaja kubanwa na ukingo wa mbele, na kwa watu wazima walio wengi kimo cha sentimita 45 hivi kinatosha. Benchi la chini mno huwatesa wazee, ambao taabu yao kubwa si kuketi bali kuinuka. Ndiyo maana naviweka viegemeo vya mikono mbele ya urembo wowote, kwani mwenye magoti mabovu anahitaji pa kujisukumia. Kiegemeo kikiwa katikati ya benchi, jiulize kimewekwa kwa nia gani. Pengine kinasaidia watu wawili kuinuka, lakini pengine kimekusudiwa kumzuia asiye na makazi asijilaze, na hisani ya namna hiyo mimi huipunguzia alama bila kusita.

Kuhusu mbao, msaji una mafuta ya asili yanayoukinga dhidi ya maji na wadudu, na ukiachwa juani na mvuani hugeuka kijivu. Kijivu hicho si kuoza, ingawa wengi hukilalamikia. Msonobari usiotiwa dawa ndio wa kutiliwa shaka, hasa miguu inapogusa udongo na skrubu zinapoingia; bonyeza sehemu hizo kwa ukucha, na ubao ukibonyea, ujue umeoza hata kama rangi ya juu inang'aa. Mbao za kukalia ziachiane nafasi ndogo ili maji ya mvua yapite. Chuma huunguza juani, na kutu yake huanzia kwenye viungio.

Hata hivyo, kasoro ninayoikuta zaidi haimo katika benchi lenyewe, bali katika mahali lilipowekwa. Mtoaji huchagua mahali palipopendwa na marehemu, au wasimamizi wa mji humpa nafasi iliyobaki, na matokeo yake ni benchi zuri linalotazama maegesho ya magari au lililobanana na pipa la taka. Lirudie saa tofauti za siku, maana kivuli cha asubuhi huenda kisiwepo mchana. Angalia kama mbele yake kuna shimo lililochimbwa na miguu ya waketio, ambalo hugeuka dimbwi mvua ikinyesha, na kama ubavuni pamesakafiwa vizuri kiasi cha kumwezesha mwenye kiti cha magurudumu kukaa sambamba na wenzake. Pima pia umbali hadi benchi la pili: mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu njia za waenda kwa miguu unashauri kusiwe na zaidi ya mita 50 baina ya viti katika sehemu zenye watu wengi, ilhali mabenchi ya hisani hupenda kurundikana penye mandhari nzuri na kuiacha njia ya mlima bila hata kimoja.

Kabla ya kuandika tathmini, uliza ni nani mwenye jukumu la matengenezo, kwa kuwa watoaji wengi hulipia benchi na kuliweka bila kupatana na yeyote kuhusu miaka inayofuata. Kasoro nazo uziandike kwa namna inayorekebishika: ukisema bolti ya mguu wa kushoto imelegea, fundi atajua aje na spana gani, lakini ukisema benchi halifai, utakuwa umeiumiza familia na benchi litabaki vilevile.